Misumari Minne kwa Bati

Upepo uliong'oa paa la mama yangu ulikuja saa nane mchana, siku ambayo nilikuwa nashona nguo za kwaya na sikuwa na nafasi ya balaa lolote. Mtu alipita mbio mbele ya duka langu kule Kalundu akanipigia kelele, "Mama, manjanja ya mama yako imeruka!" Manjanja ndiyo mabati, kwa Kiswahili chetu cha huku Uvira. Niliacha sindano imezama kwenye kitambaa, nikatoka na futi yangu ya kupimia ikiwa bado shingoni, nikashika njia ya Rugenge, anakoishi mama, nikiongea peke yangu kama kichaa: awe mzima tu, awe mzima tu.

Alikuwa mzima. Alikuwa amesimama katikati ya ua, kitenge amekifunga kiunoni, anahesabu. Nyuma yake nyumba ilikuwa wazi juu kabisa, chandarua kinapepea, jua linamulika kitanda ambacho halijawahi kukiona. Bati moja lilikuwa limejikunja juu ya mparachichi wa jirani, jingine limelala barabarani, na mengine majirani walikuwa wameshayarudisha na kuyaegemeza ukutani. Hakuna aliyeumia, na mpaka leo sijui tulinusurikaje.

"Iko yote," mama akaniambia, uso unamng'aa. "Makumi mbili na mbili. Hakuna hata moja imepotea."

Nilimwangalia. Nyumba haina paa, yeye anafurahi!

"Mama, nyumba haiko na kichwa, weye unahesabu manjanja?"

"Sasa nihesabu nini? Upepo?"

Ndivyo alivyo mama yangu, na ndiye aliyenifundisha mdomo nilio nao, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Lakini siku ile damu ilinichemka. Nilijua kwa nini paa lile lilitoka, na yeye alijua kwamba najua.

Marehemu baba yangu alikuwa akipiga misumari minne kwa kila bati, mmoja kila pembe, basi. Tena hakuizamisha. Aliacha kichwa cha msumari kimeinuka kidogo ili nyundo ya makucha ipate pa kuuma siku ya kuung'oa. Usidhani ni uvivu. Sisi tuliokulia ufukwe huu tunaujua upigiliaji huo vizuri: ni wa mtu anayejua kwamba siku yoyote anaweza kuambiwa kimbia, vita vimefika. Ukuta ni udongo, udongo uko kila mahali, lakini bati hununuliwa. Kwa hiyo ukikimbia unabeba bati, na ukuta unauachia Mungu.

Sisi tulifanya hivyo mara mbili utotoni mwangu. Baba juu ang'oe, mama chini apokee, na mimi kazi yangu ilikuwa kushika kopo la misumari. Nikidondosha mmoja, nakula kofi. Mara ya kwanza tuliyafukia mabati kwenye shamba la mihogo. Mara ya pili tuliyabeba kichwani, tukapanda nayo milima hadi Lemera, kwa ndugu zake mama, na njiani yalikuwa yakiungua kwa jua mpaka tukayawekea majani ya mgomba ili yasitubabue. Tuliporudi, tuliyapigilia tena kwenye mashimo yaleyale. Na baba alipofariki, mama akaendelea na sheria ya misumari minne kana kwamba imo katika Amri Kumi.

Sitasema kwamba hofu imekwisha kwetu, nisije nikaonekana mwongo. Ila paa lililopigiliwa ili litoke haraka, linatoka haraka kwa kila mtu, na upepo wa ziwa letu hauulizi ule msumari ulikuwa unamsubiri nani.

Basi tukawa na shida, na shida yenyewe haikuwa ndogo. Nyumba ya mama ni ya matofali mabichi. Mvua zilikuwa karibu. Asubuhi tulikuwa tumeanza kuona mawingu yakijipanga upande wa Burundi. Ukuta wa matofali mabichi ukinyeshewa wiki moja bila paa, unarudi kuwa tope. Na mama alikuwa ameshatoa hukumu yake, tena mbele ya majirani: nyumba ikianguka, anarudi Lemera kwa kaka yake. Hatazeekea ndani ya nyumba ya mtu mwingine, hata kama huyo mtu mwingine amemzaa mwenyewe.

Nilimchukua kwangu Kalundu kwa muda ule. Nina vyumba viwili na cherehani mbili. Siku ya pili tu akaanza: kwangu kunanuka ndagala, yaani dagaa, mpaka ndani ya usingizi, wapakuzi wa bandarini wanatukana asubuhi kabla hata hawajanawa uso, na mimi natia chumvi nyingi. Alikuwa ameviringisha nguo zake kwenye kitenge kimoja, hakuzifungua. Kila nikiingia chumbani naona lile furushi limekaa tayari. Mimi ndiye mtoto wake pekee aliyebaki huku chini. Tunagombana kila siku ya Mungu, na sijui ningeishi vipi bila mtu wa kugombana naye. Kwa magoti yale, akishapanda milima ya Lemera hashuki tena. Nilimtaka karibu yangu, ndiyo hivyo tu.

Nikamwita fundi. Ni mtu mzima, mpole, maneno yake machache mpaka yanaudhi. Aliyapitia yale mabati ishirini na mawili moja moja, akayainua kuelekea juani, akaingiza kidole kwenye matundu. Matundu yalikuwa yameraruka, yamekuwa marefu kama ya vifungo vya koti.

"Hii imekufa," akasema. "Iende jikoni na kwa kuku."

"Imekufa namna gani?" mama akaruka. "Hii manjanja imetembea kupita weye!"

Fundi akainamisha kichwa kwa heshima, asibishane. Mimi nikasema nitanunua mapya. Nilikuwa nimeweka akiba ya cherehani ya kudarizi, na nilipolisema lile neno "mapya" nikajua cherehani imekwenda na maji. Sikuijutia sana. Kidogo tu.

Tukaenda dukani, mimi na fundi. Jamani, niwaambie ukweli: mimi ni mtu wa nguo, napenda rangi. Muuzaji akanionyesha mabati mekundu yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, na mimi nikasimama pale kama mchumba.

"Mama, ukiezeka hii," muuzaji akasema, "hata watu wa Bujumbura wataiona toka ng'ambo ya ziwa."

"Wataiona ikiwafikia," fundi akasema.

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Muuzaji hakucheka. Fundi akalishika lile bati jekundu kwenye kona, akalibonyeza kwa kidole gumba, nalo likaingia ndani, likabaki na alama. Akalitikisa, likapiga kelele kama karatasi ya daftari. Kisha akavuta jingine la kijivu lililokuwa nyuma, bila rangi, bila uzuri wowote. Akalibonyeza, likakataa. Akalitikisa, likatoa mngurumo wa chini, mzito.

Nikauliza namba zake. Muuzaji akasema jekundu ni thelathini na mbili, la kijivu ni ishirini na nane. "Basi jekundu ndilo kubwa," nikasema, na nikaona nimemshinda fundi mbele ya watu. Kumbe kwenye mabati hesabu inakwenda kinyumenyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba. Muuzaji alijua, akaninyamazia. Hapo nikampa maneno, siwezi kuyaandika yote hapa. Tukachukua la kijivu.

Njiani fundi alifunguka kidogo, akanieleza. Upepo, alisema, hausukumi paa kutoka juu kama watu wanavyofikiri. Unaingia pembeni, chini ya ukingo, unatafuta mahali palipolegea, kisha unainua. Kwa hiyo ukingo usitoke nje sana ya ukuta, na mbao za pembeni zikaribiane kuliko zile za katikati. Bati likilalia jingine, lilale kwa mawimbi mawili, siyo moja, na mdomo wa maungio ugeukie kule upepo usikotokea. Hilo nililielewa kabla hajamaliza sentensi. Hata pindo la gauni ukilielekeza vibaya, linanasa kila kitu.

Na la mwisho, ambalo ndilo lilinikaa: bati zuri juu ya mbao isiyofungwa ni kofia tu. Mbao zenyewe lazima zifungwe ukutani. Tulipofika Rugenge akatoboa ukuta mistari minne ya matofali chini ya ukingo, akapitisha vyuma vya nondo vyembamba, akavikunja juu ya mbao. Ilimchukua siku tatu. Mimi nilikuwa nikienda kila jioni kuangalia mawingu kwanza, halafu kazi.

Siku ya kuezeka, mama alitaka kuwepo. Akaja na kiti chake, akakiweka katikati ya ua, akaketi. Mimi na majirani wawili tulikuwa tunapandisha mabati, fundi yuko juu. Bati la kwanza likakaa mahali pake. Fundi akaanza kupiga misumari ya kofia, kila mmoja kwenye mgongo wa wimbi ili maji yasiingie. Mmoja, miwili, mitatu, minne. Akachukua wa tano.

"Basi!" mama akasema. "Inatosha."

Nyundo ikabaki hewani. Fundi akaniangalia mimi, akamwangalia mama, akaangalia ziwa.

"Mama, endelea kukaa," nikasema. "Fundi, endelea."

"Haendelee. Hii ni nyumba yangu. Manjanja moja, misumari minne. Bwana yangu alipiga vile."

"Na imeruka vile!"

"Imeruka, lakini imerudi. Weye ukigongelea hii manjanja kama sanduku ya maiti, siku ya kukimbia nitaifungua na nini? Na meno?"

Hapo ndipo nilipokosa adabu. Nilimwambia, tena kwa sauti ya sokoni, mbele ya watu, kwamba amechoka kichwa, kwamba anajenga mzigo badala ya nyumba, kwamba kama anataka kwenda Lemera basi aende leo, achukue na mabati yake mabovu. Nilisema hivyo. Mtoto wa mtu, na futi shingoni, anamfokea mama yake kwenye ua wake mwenyewe. Majirani wakashusha macho.

Mama akainua uso. Halafu akaongea, lakini hakuongea nami, aliongea na fundi kule juu.

"Baba, minye siko mjinga. Ile mara ya pili tulirudi toka Lemera, mvua ilikuwa inanyesha. Watu wote wa hii barabara walikuta nyumba haiko na kitu juu, wezi walikuwa wamebeba. Watu walikuwa na watoto wachanga, wamesimama inje. Siye, bwana yangu alipanda palepale. Misumari minne, misumari minne. Huyu mutoto wangu alikuwa na homa. Siku ileile alilala pakavu."

Huyu mutoto alikuwa mimi. Sikumbuki homa, sikumbuki mvua, nakumbuka kopo la misumari na makofi tu. Miaka yote nilikuwa naiona ile misumari minne kama woga wa watu wa zamani, na kumbe mimi ndiye niliyelala chini yake. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikwenda nikapiga magoti karibu na kiti chake, nikasema, "Mama, unisamehe," na yeye akanisukuma kichwa kwa kiganja, siyo kwa nguvu.

"Ondoka kwenye vumbi, unachafua nguo."

Fundi alikuwa ameshashuka. Alikwenda kwenye mfuko wake wa kazi, akapekuapekua, akarudi na kitu kimoja kidogo: skrubu ndefu, visi kama tunavyoiita, ina kichwa cha pembe sita na mpira mweusi chini ya kichwa. Alikuwa amebakiwa na chache kutoka kazi nyingine. Akachukua kipande cha bati na kipande cha mbao, akaikaza ile visi mbele ya mama, mpira ukajibana ukawa bapa. Kisha akampa nyundo ya makucha.

"Mama, ng'oa."

Mama yangu, na magoti yale, akasimama. Akavuta. Akavuta tena akiguna. Jirani mmoja akamsaidia, wakavuta wawili. Mbao iliinuka, bati likainuka, visi haikusogea.

"Sasa chukua hii," fundi akasema, akampa ufunguo wa kuzungushia. "Zungusha kushoto. Upepo haiko na mikono, haiwezi kuifungua. Mutu iko na mikono."

Mama akazungusha. Mwanzo ilikuwa ngumu, halafu ikaanza kupanda, pole pole, mpaka ikamdondokea kiganjani nzima, hata haijapinda. Akaigeuza juani, akainusa, sijui alitaka kusikia harufu gani. Akaturudishia macho, na nikaona ameanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Na inarudi ndani ya tundu yake?"

"Inarudi."

"Manjanja moja inataka ngapi?"

"Pembeni, mgongo wa wimbi mmoja ndiyo, mmoja hapana. Katikati inapungua."

"Weka kila mgongo," mama akasema, akaketi.

Wee! Mwanamke wa misumari minne! Majirani waliangua kicheko, fundi mwenyewe akacheka, na mimi nikacheka huku natokwa machozi. Nikarudi dukani mbio kutafuta visi, kwa yule muuzaji niliyemtukana, nikajishusha, nikamsalimu vizuri. Alinipa mpaka kisanduku cha mwisho. Siku mbili baadaye paa lilikuwa limekamilika, la kijivu, halina uzuri, limekaza kila upande. Mabati ya zamani yakaenda jikoni na kwa kuku, kama fundi alivyosema. Mama akachukua furushi lake kwangu bila hata kulifungua, akarudi Rugenge. Lakini hakuniambia kama amerudi kukaa au amerudi kuangalia. Nami sikuthubutu kuuliza.

Mvua ya kwanza ilikuja alasiri, wiki ileile. Upepo ulitangulia. Nilikuwa kwenye cherehani, nikaona mlango wa duka unajifunga wenyewe, nikasikia mabati ya watu yakipigapiga, na ziwa limebadilika rangi. Nikatafuta pikipiki, wenye pikipiki wote wamejificha. Nikakimbia tena. Nilipofika katikati ya njia, mvua ikashuka yote kwa mpigo, sikuona mbele. Njiani niliona bati la mtu limelala kwenye mfereji na mwanamke amelikanyaga lisiende, nikaongeza mbio. Nilikuwa naomba, sina aibu kusema. Niliomba kwa sauti.

Nilikata kona, nikaliona. Paa lote lilikuwa mahali pake. Maji yanateremka kwenye mawimbi yake kwa mistari iliyonyooka, na hakuna ukingo hata mmoja uliokuwa unatikisika.

Nikagonga mlango. Kimya. Nikagonga kwa ngumi mbili, nikaita, hakuna jibu. Nikasukuma, nikaingia nikidondosha maji kila mahali. Mama alikuwa kitandani, amelala chali, mdomo wazi, usingizi mzito. Mvua inapiga bati kwa kelele ambayo ungedhani inamwaga kokoto, yeye anakoroma. Katika maisha yangu yote sikuwahi kumwona amelala wakati upepo unavuma. Siku kama hizo alikuwa anakaa karibu na mlango na viatu miguuni.

Nilikaa chini ukutani nikalia. Nafikiri kilio ndicho kilichomwamsha, maana alifungua jicho moja.

"Weye unalia juu ya nini? Nani amekufa?"

"Hakuna!" nikapiga kelele, maana bila kelele usingesikika. "Nilikuja kuangalia paa!"

"Iko juu! Ulitaka iwe wapi?"

Akainuka, akavuta kitenge mabegani. Akaangalia juu, kwenye mbao, hakuna tone. Halafu akaanza kuangalia ukuta, pale nilipoegemea, udongo mtupu wenye alama za vidole vya baba, alivyousawazishia zamani. Ukuta ule haukuwahi kupakwa kitu. Hakuna nyumba yetu yoyote iliyowahi kupakwa. Mama alikuwa akisema rangi ni ya watu wasio na akili, kwa sababu ukuta haubebeki.

"Kesho," akanipigia kelele juu ya mvua, "uniletee mutu wa rangi!"

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nilisogea, nikaketi kitandani na nguo zangu mbichi, na hakunifukuza.

"Rangi gani, mama?"

Akaugusa ukuta kwa kiganja chote, akafikiri kidogo.

"Ile yenye haitoke," akasema.